Makadirio Kwanza, Vitabu Baadaye: Mpango wa Kujifundisha Ufundi wa Maji Kando ya Mto Theta

Kujifundisha somo la kiufundi bila mwalimu wala darasa ni jambo linalofanywa na watu wengi kuliko takwimu za elimu zinavyoweza kuonyesha, kwa kuwa anayejifunza kwa njia hiyo hasajiliwi popote, halipi karo, na anapomaliza hapati mahafali wala cheti. Katika ukanda ulio kati ya Ruiru na Thika, ambako wadi ya Theta imezungukwa na mashamba ya kahawa, machimbo ya mawe ya Ndarugu na mitaa mipya ya ploti ndogondogo iliyozidi kuenea tangu barabara kuu ya Thika ikamilishwe mwaka 2012, wanafunzi wa aina hii ni wa kawaida kabisa: kibarua wa kiwandani anayetaka kuielewa mota anayoihudumia, mkulima anayetaka sukuma wiki yake isinyauke wakati wa kiangazi, kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye karo ya chuo bado haijapatikana. Makala haya yanahusu namna mtu wa aina hiyo anavyoweza kuipanga kazi yake ya kujifunza, nayo yanachukua mfano mmoja tu, wa kuinua maji kutoka mtoni hadi shambani kwa umeme wa jua, na kuufuata mpaka kwenye tarakimu zake, kwa sababu ushauri wa jumla kuhusu kujifunza ni rahisi kuutoa na ni mgumu kuutumia.

Mtafiti wa Kanada, Allen Tough, ndiye aliyelipa jambo hili uzito wa kitaaluma kwa kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu miradi ya kujifunza ya watu wazima. Neno mradi alilipa maana mahususi, yaani mfululizo wa vipindi vya kujifunza vinavyohusiana, ambavyo jumla yake haipungui saa 7 na ambavyo lengo lake kuu ni kupata ujuzi fulani na kubaki nao. Na alipowahoji watu wa kawaida aligundua kwamba karibu kila mmoja ana miradi kama hiyo, na kwamba mingi imepangwa na mhusika mwenyewe. Miaka minne baadaye Mmarekani Malcolm Knowles alieleza kwamba mtu anayejiongoza katika kujifunza hujiamulia mahitaji yake, malengo yake, nyenzo zake, mbinu zake na hatimaye namna ya kujipima. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, na bila sababu ya msingi, kwa maana katika masomo ya kiufundi kujipima ni kwepesi kuliko katika falsafa au historia: maji ama yamefika tangini au hayajafika.

Mipango mingi ya kujifundisha huvunjika kwa sababu hupangwa kwa kufuata vitabu. Mtu huamua kwamba atasoma fizikia, kisha hesabu, kisha umeme, na baada ya hapo ndipo atakapogusa pampu. Anaanza sura ya kwanza kwa ari, anafika sura ya tatu akiwa amechoka, na kabla ya msimu kwisha kitabu kimerudi juu ya kabati. Mpango wa namna hiyo umeigwa kutoka shuleni, ambako kengele, mtihani na mwalimu humsukuma mwanafunzi avuke sehemu asizoona faida yake, lakini aliye peke yake nyumbani hana kengele. Mpango unaofaa zaidi kwake ni mfululizo wa makadirio yanayopimwa, yaani maswali yenye tarakimu ambayo mwanafunzi hujaribu kuyajibu kwanza kwa kukisia, kisha kwa hesabu, kisha kwa kupima kitu chenyewe, huku kitabu kikifunguliwa pale tu ambapo pengo kati ya kisio na kipimo linadai maelezo.

Kwa mkazi wa Theta swali la kwanza linaweza kuandikwa kwa sentensi moja: itahitajika paneli ya ukubwa gani ili kuinua maji ya kutosha robo ekari ya mboga, kutoka mto Theta hadi shamba lililo juu ya ukingo? Ubora wa swali hili ni kwamba lina mwisho unaojulikana na halimruhusu mtu kuzurura. Mtu akisema anataka kujifunza mambo ya sola, hatajua lini amejua; akisema anataka kupata tarakimu moja anayoweza kuitetea mbele ya fundi, atajua siku hiyohiyo kama ameipata. Swali hilo pia lina matumbo, kwa maana ndani yake mna maswali mengine yanayojitokeza yenyewe: shamba liko juu ya mto kwa mita ngapi, mboga zinakunywa lita ngapi kwa siku, pampu inapoteza kiasi gani cha nguvu inayopewa, na jua la Theta linatoa nini mwezi wa Julai, wakati mawingu ya msimu wa baridi yanapotanda kuanzia asubuhi.

La kimo hujibiwa bila kifaa cha bei. Mafundi wa mjengo hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, ili kusawazisha msingi wa nyumba, na mpira huohuo unatosha kupima mteremko mzima wa kuelekea mtoni. Watu wawili husimama na fito mbili zilizotiwa alama kwa sentimita, mmoja juu na mwingine hatua kadhaa chini, kila mmoja akiwa ameshikiza ncha moja ya mpira kwenye ufito wake. Maji ndani ya mpira yanapotulia, uso wake katika ncha zote mbili huwa katika usawa mmoja, kwa hiyo tofauti kati ya alama ya ufito wa chini na alama ya ufito wa juu ndiyo kushuka kwa ardhi kati yao. Aliye juu huhamia chini ya mwenzake, tofauti mpya huandikwa, na zoezi hurudiwa mpaka ukingoni. Kinachohitaji uangalifu ni mapovu: povu moja la hewa lililonasa katikati ya mpira huharibu usawa, na anayejifunza hugundua hilo mwenyewe pale kipimo cha kwenda kinapokataa kulingana na kipimo cha kurudi. Hapo amekwisha kujifunza mambo mawili, tabia ya kimiminika kilichotulia na desturi ya kupima mara mbili, kabla hajafungua ukurasa hata mmoja. Na ichukuliwe, kwa ajili ya mfano huu, kwamba jumla imekuwa mita 20.

Kiasi cha maji kinatafutwa kwa njia nyingine. Mmea hupoteza maji kupitia majani, na udongo hupoteza mengine kwa kukaushwa na jua na upepo. Jumla ya upotevu huo hupimwa kwa milimita za maji kwa siku, kama mvua inavyopimwa, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja kamili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 1998 mwongozo wake wa 56 unaoeleza hatua kwa hatua namna ya kukokotoa hitaji hilo kwa mazao mbalimbali, na mwongozo huo unapatikana bure. Kwa nyanda za kati za Kenya, kisio la milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi linafaa kuanzia. Robo ekari ni mita za mraba 1,012, kwa hiyo hitaji ni lita 5,000 hivi, na kwa kuwa sehemu ya maji humwagika au kupotelea pembezoni, inafaa kupanga kwa lita 6,000.

Hapa ndipo fizikia inapoingia, na inaingia ikiwa imealikwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kuinua kilo moja kwa mita moja kunahitaji juli 9.81, juli ikiwa kipimo cha nishati, ambacho 3,600 zake hufanya wati-saa moja. Mabomba nayo hudai sehemu yao, kwa maana maji yanayosuguana na kuta za bomba huwa kama yanapanda mlima wa ziada. Mlima huo ukikadiriwa kuwa mita 4, kimo cha kuhesabia kinakuwa mita 24. Lita 6,000 zikizidishwa kwa 9.81 na kwa 24 zinatoa juli 1,412,640, ambazo ni wati-saa 392. Kiasi hicho ni kidogo kiasi cha kushangaza, na mshangao huo una manufaa, kwa sababu unamfanya mwanafunzi aulize kwa nini pampu za madukani zimeandikwa tarakimu kubwa zaidi. Jibu ni ufanisi, yaani sehemu ya nishati iliyoingia ambayo inatoka ikiwa kazi iliyokusudiwa: pampu ndogo pamoja na mota yake huweza kurudisha asilimia 35 tu, nyingine ikipotea kama joto na msukosuko wa maji. Wati-saa 392 zilizogawanywa kwa 0.35 zinakuwa 1,120.

Wauzaji wa sola huzungumzia saa za jua timilifu, maana yake idadi ya saa ambazo jua lingewaka kwa nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kutoa kiasi kilekile ambacho siku nzima halisi imetoa. Zikichukuliwa kuwa 5, wati-saa 1,120 zinahitaji paneli ya wati 224. Lakini paneli hupungukiwa nguvu inapopata joto, vumbi la barabara za murram nalo huifunika, nyaya nazo hula chao, na kwa hiyo ni busara kudhani kwamba robo itapotea, jambo linalofikisha hesabu kwenye wati 300. Mwezi wa Julai, saa hizo zikishuka hadi 4, tarakimu inapanda mpaka karibu wati 375. Mwanafunzi sasa anaweza kusema wati 400 na kueleza kila hatua iliyomfikisha hapo, na hata kama baadaye makadirio yake yatasahihishwa, atajua ni hatua ipi inayosahihishwa.

Inafaa kukumbuka kwamba mlinganyo huuhuu, ukisomwa kutoka upande wa pili, ndio ulioiwashia Nairobi taa zake za mwanzo. Mwanzoni mwa karne ya 20 umeme wa mji huo ulizalishwa kwa nguvu ya maporomoko ya mto Ruiru, na baadaye kituo cha Ndula karibu na Thika kikaongezwa. Maji yanayoshuka hutoa kile ambacho maji yanayopandishwa hudai, ukiondoa hasara za mashine. Anayejifundisha kando ya mito hii hajatumwa kutafuta mifano Ulaya, kwa kuwa Ruiru, Theta, Thiririka na Ndarugu, zote zikielekea mto Athi, zimekuwa maabara ya wahandisi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jambo moja ambalo vitabu vya mbali hukosea, au tuseme hukosewa na wasomaji wake, ni kimo cha kufyonza. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kwa maana halisi ya neno. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje, kwa uzito wake unaokandamiza uso wa mto, ndiyo inayosukuma maji yapande. Mkandamizo huo huitwa kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari, Mombasa kwa mfano, kanieneo ya hewa inaweza kubeba nguzo ya maji ya mita 10.3, na kwa sababu ya hasara mbalimbali vitabu hushauri mtu asizidishe mita 7 au 8. Lakini Thika iko mita 1,631 juu ya bahari, na sehemu za Juja na Theta ziko mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi na nguzo hiyo haizidi mita 8.6 hata kwa nadharia. Kwa vitendo, kupanga zaidi ya mita 6 ni kutafuta matatizo. Mtu aliyenakili kipimo cha kitabu na kuiweka pampu mita 8 juu ya maji ataisikia ikinguruma siku nzima bila kutoa tone, huenda akamlaumu aliyemuuzia. Aliyekadiria kwanza ataisogeza pampu chini karibu na ukingo, au atachagua pampu ya kuzamishwa majini, ambayo husukuma kutoka chini na haina haja ya kufyonza.

Kuhusu msuguano, makadirio ya mita 4 yanastahili kupimwa, na kipimo chenyewe kinahitaji mtungi wa lita 20 na saa ya simu. Lita 6,000 kwa saa 5 ni lita 20 kwa dakika, maana yake mtungi unapaswa kujaa kwa sekunde 60. Kabla ya kuwasha pampu, mwanafunzi huandika kisio lake daftarini pamoja na tarehe, saa na hali ya anga; kisha hupima; kisha huandika tofauti. Mtungi ukichukua sekunde 80, ameletewa lita 15 kwa dakika badala ya 20, na sasa ana sababu ya kusoma sura ya mtiririko wa maji katika mabomba kwa njaa ambayo ratiba haiwezi kuileta. Humo atakuta kwamba kwa mtiririko wa lita 20 kwa dakika, bomba laini la plastiki lenye upana wa ndani wa milimita 21 hupoteza kimo cha mita 5 hivi kwa kila mita 100 za urefu, ilhali lenye milimita 27 hupoteza chini ya mita 2, na kwamba bomba lenye upana mara mbili hupunguza hasara takribani mara 30. Mara nyingi pesa zilizokusudiwa paneli kubwa zaidi zingefanya kazi nzuri zaidi zikinunua bomba pana zaidi, nalo ni somo ambalo muuzaji wa paneli hana haraka ya kulifundisha.

Daftari hilo ndilo moyo wa mpango mzima. Kisio lililoandikwa kabla ya kipimo haliwezi kujibadilisha likaonekana kuwa lilikuwa sahihi tangu mwanzo, wakati lile lililobaki kichwani hujirekebisha lenyewe mara tu jibu linapoonekana, na mtu huondoka akidhani alijua. Kurasa chache za makisio yaliyokosea, kila moja likiwa na maelezo ya kilichosababisha kosa, zinaonyesha maendeleo ya mwanafunzi kwa ukweli kuliko orodha ya video alizotazama.

Nyenzo za kusoma hazikosekani katika eneo hili, ingawa zimetawanyika. Mada ya kanieneo imo katika fizikia ya kidato cha kwanza ya mtaala wa 8-4-4, na mada ya kazi, nishati na nguvu imo katika kidato cha tatu; vitabu hivyo vilivyotumika huuzwa kwa bei nafuu na vinatosha kwa karibu theluthi mbili ya hesabu zilizotangulia. Maktaba ya umma ya Thika inatoa meza, utulivu na magazeti. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza Juja mwaka 1981 kama chuo cha kati kwa msaada wa serikali ya Japani na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994, kina wahandisi wa maji na kilimo wanaoishi mitaa ileile ambamo wanafunzi hawa wanaishi. Tangu mwaka 2001, chuo cha MIT cha Marekani kilipotangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, tatizo la kupata vitabu limekuwa dogo kuliko tatizo la kujua kipi kisomwe leo na kipi kiachwe. Na swali lililoandikwa vizuri ndilo linalotatua hilo la pili.

Ushahidi kwamba ujuzi wa nje unaweza kufanyiwa upya katika eneo hili upo Thika kwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Bobs Harries Engineering ya Thika ilitengeneza pampu za upepo zilizojulikana kwa jina la Kijito, kwa msingi wa usanifu wa shirika la Uingereza la teknolojia ya kadiri ambalo mwanauchumi E. F. Schumacher alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na mashine hizo zilikwenda kuinua maji katika maeneo kame ya Kenya. Kwa anayejifundisha, pampu ya upepo ina funzo kali kuhusu kupima: nguvu iliyomo katika upepo huongezeka kwa mchemraba wa kasi yake, maana yake kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane, kwa hiyo anayekisia kasi ya upepo wa shamba lake kwa kuangalia migomba inavyoyumba anaweza kukosea si kidogo bali mara kadhaa. Jua lina huruma zaidi, kwa kuwa kosa la robo katika kukadiria mwanga huleta upungufu wa robo tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumshauri anayeanza aanze na jua. Huko Malawi, William Kamkwamba, aliyeacha shule kwa kukosa karo na kujenga kinu cha upepo kwa kuongozwa na kitabu cha maktaba ya kijijini, alianza na kielelezo kidogo chenye mota ya redio kabla ya kupandisha mnara. Kitabu alikuwa nacho, lakini kielelezo ndicho kilichompa kipimo.

Kielelezo cha namna hiyo kinafaa pia Theta. Paneli ndogo ya wati 20, pampu ndogo ya volti 12 ya kuzamisha kwenye ndoo, mpira wa mita chache na multimita, yaani kifaa kimoja kinachopima volti, ampea na ukinzani, vinatosha kumfundisha mtu sehemu kubwa ya yale ambayo mfumo wa wati 400 ungemfundisha, na kosa lake halimgharimu akiba ya mwaka. Ndoo ikiwekwa juu ya paa na nyingine chini, maswali ya kimo, msuguano na ufanisi yote yanaweza kuulizwa Jumamosi moja.

Kuhusu muda, mtu anayeamka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi au zamu ya kiwandani hatapata saa mbili kila jioni, na mpango unaodai hivyo umekwisha kushindwa. Jioni mbili za hesabu na Jumamosi moja ya kupima zinatosha, mradi Jumamosi isiahirishwe, kwa sababu ni kipimo kinachozaa swali la wiki inayofuata. Mwenzi husaidia kuliko ratiba: watu watatu wanaokutana kama chama, kila mmoja akiwa na daftari lake na akisomea wenzake kisio lake kwa sauti, hugundua makosa ambayo mmoja peke yake angeishi nayo, na fundi mzoefu wa pampu anayekubali kuangalia hesabu mara moja kwa mwezi huwa na thamani isiyo na kifani.

Ipo mipaka ambayo mpango wa kujifundisha lazima uiandike waziwazi, na wa kwanza ni umeme. Paneli haina swichi ya kuizima wakati jua linawaka, na umeme wake ni wa mkondo usiobadili mwelekeo, ambao cheche yake ikishawaka kati ya nyaya mbili haikatiki upesi kama ile ya umeme wa nyumbani. Paneli kadhaa zikiunganishwa kwa mfululizo, volti zinafikia kiwango cha kuua. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012 zinataka usanifu na ufungaji ufanywe na mafundi wenye leseni, ambao wamegawanywa katika madaraja kulingana na ukubwa na ugumu wa mifumo wanayoruhusiwa kuifunga, na leseni hizo sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Anayejifunza anaweza kuendelea kwa usalama na volti 12 za ndooni, anaweza kukokotoa mfumo mkubwa mpaka nukta ya mwisho, lakini mkono wa kuufunga uwe wa mwenye leseni, naye asimame kando akitazama na kuuliza.

Mpaka wa pili ni maji yenyewe. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kuchota maji ya matumizi ya nyumbani bila kujenga wala kufunga mitambo hakuhitaji kibali, lakini pampu ni mtambo, na mboga za sokoni si matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo kabla bomba halijatiwa mtoni, maombi yapelekwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Fomu zenyewe huuliza kiasi cha maji kinachokusudiwa kwa siku, na mtu aliyefuata mpango huu tayari ana jibu. Walio chini mtoni nao wana mashamba, na lita 6,000 za mmoja wakati wa kiangazi, zikizidishwa kwa idadi ya pampu zinazoongezeka kila msimu, ni jambo ambalo kila anayejifunza ufundi huu anapaswa kulihesabu kwa dhati ileile anayohesabia paneli zake.

Kwa yule ambaye angependa ujuzi wake utambuliwe, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huendesha mitihani ya ufundi yenye madaraja, kutoka la tatu hadi la kwanza, na mitihani hiyo iko wazi kwa waliojifunza kazini bila kupitia chuo. Daftari la vipimo si sharti la kuifanya, ila aliyelijaza kwa uaminifu atakaa mbele ya mtahini akiwa amekwisha kuulizwa maswali mengi na mto.

Linalokosekana ni maandishi. Mwongozo wa FAO, vitabu vya shule, masomo ya MIT na karatasi za watengenezaji wa pampu vimeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, na mkulima anayeweza kupiga hesabu zote zilizo katika makala haya hukwama kwenye ukurasa wa pili wa maelezo. Idara za uhandisi zilizoko Juja, maktaba ya Thika na serikali ya kaunti ya Kiambu zinaombwa zishirikiane kutoa kijitabu kimoja cha Kiswahili, cha kurasa zisizozidi 40, chenye jedwali la msuguano wa mabomba yanayouzwa Thika, kanieneo ya hewa kwa mwinuko wa Ruiru, Juja na Thika, na wastani wa jua la kila mwezi, na kukiweka mahali ambapo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni anaweza kukipata.